Swali la lugha: "Nafuata ndege wa kivita"

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Tangu wakuu wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote walipokutana Munyonyo, Januari 2024, tuna kikundi cha WhatsApp cha watu wanaopenda kutazama kwenye simu ndege za wageni zinazoingia Entebbe kila panapokuwa na mkutano mkubwa. Juzi niliandika: "Nafuata ndege wa kivita, amepotea juu ya ziwa." Ilikuwa C-17, ile ndege kubwa ya mizigo. Wenzangu wawili walinipigia simu kwa wasiwasi, wa tatu akacheka tu. Nimekosea wapi? (Msomaji, Entebbe)

JIBU: Ndugu yangu, aliyecheka alicheka kwa sababu ya "wa" na "amepotea". Kiganda kina ennyonyi tu, awe kaloli, yule korongo wa jalalani, au Boeing, na upatanisho ni ule ule: ennyonyi eno. Kiswahili kinatenganisha. Mwenye uhai ni ndege huyu, ametua, wakiwa wengi ndege hawa. Chombo ni ndege hii, imetua, zikiwa nyingi ndege hizi. Kwa hiyo "ndege wa kivita" ni jamaa wa jogoo wa kupiganishwa. Nahisi najua kosa limetoka wapi. Sisi wa Uganda tumechekwa sana kwa "mtoto yangu" na "askari ya serikali", sasa tukijisahihisha tunamwaga "wa" hata pasipoihitaji.

"Nafuata" nayo inapotosha. Ukisema umefuata dawa hospitalini, umekwenda kuichukua. Ukisema unafuata ndege Entebbe, mtu ataelewa uko njiani kwenda uwanjani, au kwamba wewe ni rubani na uko nyuma yake angani. Anayeshika habari za kitu hatua kwa hatua anakifuatilia. Na kwa kuwa tumegusa ukoo huu: magazeti yanapenda kuandika "barabara zitafungwa kufuatia mkutano", wakati barabara zinafungwa kabla wageni hawajafika. Hapo ni "kwa sababu ya mkutano", basi. Kinachofuatia huja baadaye.

Waliokupigia simu walishtushwa na "kivita", na hapa ndipo ningependa tukae kidogo.

Ndege ya kivita ni ile iliyoundwa ipigane: ina silaha, au ina mahali pa kuzifunga. Sukhoi Su-30 za jeshi letu ni ndege za kivita. C-17 ni mali ya jeshi, rubani wake ni mwanajeshi, lakini kazi yake ni kubeba. Rais wa Marekani akisafiri, magari ya msafara wake hutangulizwa kwa ndege za aina hiyo. Hiyo ni ndege ya kijeshi ya mizigo, na kuiita ya kivita ni kutangaza vita ambavyo hakuna aliyevianzisha.

Kwenu Entebbe kuna mfano ambao haupitwi. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, Waisraeli walipokuja kuwaokoa mateka, makomando wao walishuka kutoka ndege nne aina ya C-130 Hercules. Hizo ni ndege za kijeshi za uchukuzi. Ndege za kivita zilikuwapo pia, MiG za Uganda, lakini zilikuwa zimeegeshwa uwanjani na ziliteketezwa pale pale chini. Ukiandika "ndege nne za kivita zilitua Entebbe", umekosea aina ya ndege, hata kama waliokuwa ndani walikuja na bunduki. Safari ndiyo iliyokuwa ya kivita.

Tofauti ya "ya jeshi" na "ya kijeshi" ni nyembamba zaidi, na wengi huzichanganya bila madhara. "Ya jeshi" inataja mwenye mali. "Ya kijeshi" inataja namna au aina. Katika habari za mikutano ya wakuu wa nchi, jozi inayoleta shida kweli ni nyingine: "ya serikali" na "ya kiserikali". Gulfstream G550 yenye usajili 5X-UGF ni ndege ya serikali ya Uganda (5X ni alama ya Uganda, kama 5Y ilivyo ya Kenya na 5H ya Tanzania). Lakini kiongozi wa nchi isiyo na ndege yake anaweza kuja kwa ndege ya kukodi. Hapo ziara ni ya kiserikali, ndege si ya serikali. Ukiona usajili wa kampuni ya kukodisha, usiandike "ndege ya serikali ya nchi fulani" kwa kuwa tu mjumbe wake ameshuka ndani yake.

"Imepotea" nayo ilichangia kupigisha simu, kwa sababu ndege iliyopotea hutafutwa kwa boti. Ramani unayoitazama inategemea ishara inazorusha ndege yenyewe kupitia transponda, yaani kifaa chake cha redio cha kujitambulisha, zikadakwa na vipokezi vilivyo ardhini, vingi vikiwa vya watu binafsi majumbani. Ndege ikishuka chini sana, au ikiwa mbali na kipokezi, au rubani wa jeshi akizima ishara, alama yake inafutika kwenye simu na ndege yenyewe inaendelea na safari. Tena baadhi ya tovuti huficha ndege fulani kwa ombi la wenyewe. Sentensi yako ingesomeka hivi: "Nafuatilia ndege ya kijeshi ya mizigo, haionekani tena kwenye ramani, mara ya mwisho ilikuwa juu ya ziwa." Ni ndefu, najua, ila hakuna atakayekupigia simu.

Umeniuliza moja, nakuongezea moja ambalo litakufaa. "Ndege ya Rais" kwa Kiswahili ni ndege aliyotengewa Rais, awemo asiwemo. Wamarekani wana utaratibu wao: Air Force One si jina la ndege, ni jina la kuitia redioni, na hutumika kwa ndege yoyote ya jeshi lao la anga wakati Rais yumo. Akishuka, jina linashuka naye, na ile Boeing kubwa ya buluu na nyeupe inabaki na jina lingine. Kwetu jina halishuki. Kwa hiyo ukiona alama ya 5X-UGF, ndege aliyotengewa Rais wetu, imegusa ardhi, unaweza kuandika "ndege ya Rais imetua". "Rais amewasili" waachie walio kwenye zulia jekundu.