Kwa nini Rue de Rivoli inaonekana kama jengo moja refu

Umeuliza kama mtaa huu wa Paris ulijengwa na tajiri mmoja, kwa jinsi nyumba zake zinavyofanana. Hapana, wenye viwanja walikuwa wengi. Kilichokuwa kimoja ni ramani ya uso wa mbele, waliyoichora Charles Percier na Pierre Fontaine kwa amri ya Napoleon mwanzoni mwa karne ya 19. Jina lenyewe ni la ushindi wake wa mwaka 1797 kule Italia.

Ukinunua kiwanja, nyuma ulikuwa na uhuru fulani, lakini mbele ilikuwa lazima ufuate mchoro: matao chini, mawe, roshani kwenye mstari uleule. Masharti hayakuishia hapo. Mafundi wanaotumia nyundo hawakuruhusiwa kupanga nyumba humo, wala wachinjaji, wala waoka mikate kwa sababu ya tanuri zao. Mtaa wa kifahari, usio na kelele wala moshi! Haishangazi kwamba wanunuzi walisitasita, na Napoleon akaanguka kabla kazi haijaisha.

Sehemu ya mashariki ilikuja miaka ya 1850, chini ya mtawala Napoleon III na Haussmann, ofisa aliyesimamia ujenzi mpya wa Paris, ikibomoa vichochoro vya zamani mno. Ukitembea kutoka bustani ya Tuileries kuelekea Hôtel de Ville, yaani ukumbi wa jiji, angalia pale matao yanapokatika baada ya jumba la Louvre. Mimi napenda hapo kuliko popote, maana unaona kwa macho enzi moja ikiipisha nyingine.