Jibu: Redio na wanamgambo wa Marekani, anza na masafa mafupi

Habari ndugu yangu. Umesema umepekua vipindi vya FM vya Marekani vya miaka ya 1990 na huoni wapi wanamgambo walihimizana kujiandaa na silaha. Achana na FM kwanza. Tafuta masafa mafupi, yaleyale tuliyosikilizia BBC nyumbani. Kituo cha WWCR cha Nashville kiliuza muda wa hewani, kwa hiyo mwenye hela ya kulipia aliongea. Mark Koernke, mhamasishaji wa wanamgambo wa Michigan, alisikika hapo, mpaka kipindi chake kikaondolewa baada ya bomu la Oklahoma City la 19 Aprili 1995, lililoua watu 168.

Mimi nilianzia rekodi za William Cooper, mtangazaji wa nadharia za njama dhidi ya serikali, wa kituo hichohicho. Kipindi kinafunguliwa na king'ora, mbwa wanabweka, vishindo vya miguu. Nilisikiliza usiku, nikaogopa kweli. Hapo ndipo nilipowaelewa wasikilizaji wake, na iliniuma, maana hofu yao ilikuwa na mzizi: watu walikufa Ruby Ridge, Idaho, 1992, maafisa wa serikali kuu walipoizingira familia moja, na wengine wengi Waco, Texas, 1993, walipolizingira kundi la kidini. Vikundi vya wanamgambo vya Montana na Michigan vilizaliwa 1994. Panga tarehe hizo kabla hujanukuu kipindi chochote.