Swali la lugha: 0.25 husomwaje, na lini huwa asilimia 25?

Msomaji anauliza: "Mwanangu husoma 0.25 'sifuri nukta ishirini na tano'. Mimi nilifundishwa 'sifuri nukta mbili tano'. Ipi sahihi? Na nikitaka kuitaja kwa asilimia, niseme 'asilimia 0.25' au 'asilimia 25'?"

Usomaji wako ndio sahihi. Baada ya nukta, tarakimu hutajwa moja moja kwa sababu kila moja ina nafasi yake: ya kwanza ni sehemu za kumi, ya pili sehemu za mia, ya tatu sehemu za elfu. Anayesema "nukta ishirini na tano" amezisoma kama namba nzima, na kosa hujitokeza anapolinganisha. Sikioni, "nukta ishirini na tano" ni kubwa kuliko "nukta tisa", ilhali 0.9 ni zaidi ya mara tatu ya 0.25.

Hata hivyo, ishirini na tano ya mwanao si ya kutupwa. Imo, ila imekosa jina lake: sehemu ishirini na tano za mia. Mfundishe asome hivyo pia, kwa kuwa usomaji huo unamkabidhi akisami (namba ya sehemu, kama 1/4) na asilimia kwa pamoja. Za mia maana yake ni 25/100, ambayo ukigawa juu na chini kwa 25 inakuwa 1/4, yaani robo. Na neno "asilimia" lenyewe linasema hesabu ni ya kila mia, kwa hiyo ni asilimia 25.

"Asilimia 0.25" ni kitu kingine kabisa: ni robo ya asilimia moja, sawa na 0.0025. Aliyeandika hivyo akikusudia robo amepunguza kiasi mara mia. Kosa la jirani yake ni kugeuza 0.5 kuwa asilimia 5. Hapo tarakimu ya kwanza imepewa nafasi ya pili, 0.5 ni tano za kumi, nazo ni hamsini za mia. Andika 0.50 kwanza, ndipo ubadili.

Katika maandishi, chagua "asilimia 25" au "25%". "Asilimia 25%" inataja mia mara mbili. Alama huandikwa nyuma ya namba, lakini ukisoma unaanza na neno: asilimia ishirini na tano.

Kwa sehemu zisizo na mia chini, gawa kiasi (namba ya juu) kwa asili (namba ya chini), kisha zidisha kwa mia. 3/8 ni 3 ÷ 8 = 0.375, yaani asilimia 37.5. Jina lake la akisami ni thumuni tatu. Majina haya, kuanzia nusu, theluthi, robo, humusi (1/5), sudusi (1/6) hadi ushuri (1/10), yanastahili kutumiwa zaidi ya tunavyoyatumia, kwa kuwa yanaondoa utata. "Sehemu ya tatu ya kitabu" yaweza kuwa ile inayofuata sehemu ya pili. "Theluthi ya kitabu" haina maana mbili. Tena theluthi ina usahihi ambao desimali haiufikii: 1 ÷ 3 ni 0.333… isiyokoma, na ukigawia watu watatu asilimia 33.3 kila mmoja, jumla ni 99.9. Ikiwa mgawo ni wa tatu sawasawa, andika theluthi.

Kuna pia vihusishi viwili, "kwa" na "hadi", vinavyoharibu asilimia zilizokokotolewa vizuri. Idadi ya 200 ikipungua kwa asilimia 25, zimebaki 150. Ikipungua hadi asilimia 25 ya ilivyokuwa, zimebaki 50. "Kwa" hutaja kilichoondoka, "hadi" hutaja kilichobaki. Habari nyingi hukosea hapa bila kukosea hesabu.

Mwambie mwanao ajihadhari na saa. Saa tatu kasorobo huandikwa 2:45, lakini muda wa saa mbili na dakika arobaini na tano kwa desimali ni saa 2.75, kwa sababu dakika 45 ni robo tatu ya 60, si sehemu arobaini na tano za mia. Ile nukta pacha ya saa hutenganisha dakika tu, kwa hiyo baada yake "arobaini na tano" husomwa nzima. Huenda usomaji wake wa 0.25 ulitokea huko.