Hawakukanyagana: jibu langu kwa swali la wiki

Swali la wiki hii lilikuwa hili: watu wanapofia uwanjani, nani awajibike kwanza? Wasomaji walionitangulia wamemtaja mwenye uwanja, kamanda wa polisi na chama cha soka, na wawili watatu wamewatupia lawama mashabiki wenyewe. Mimi ni mkazi wa Mtwara, niliyekuwa karani wa chama cha msingi cha korosho kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu awajibike kwanza yule anayetoa habari ya kwanza ya maafa huku akijua kwamba anachokisema si kweli.

Nianze na neno letu wenyewe. Kila watu wanapofia penye umati, redio na magazeti yetu husema kwamba “wamekanyagana”. Hiyo ni kauli ya kutendana, kama kupigana na kusukumana: kila mmoja ni mtenda na papo hapo ni mtendwa, kwa hiyo habaki mtu wa tatu wa kuulizwa. Ukweli wa vifo vya namna hii mara nyingi ni mwingine kabisa. Watu hubanwa wakiwa wamesimama wima, kifua kinakosa nafasi ya kutanuka, na pumzi inakatika kabla hata mtu hajaanguka chini. Aliyewaingiza watu wengi kuliko nafasi iliyopo hatajwi katika kitenzi hicho, wala aliyeacha mlango mmoja wazi na kuifunga mingine.

Mfano ulionifunza hayo ni wa Hillsborough, uwanja wa Sheffield nchini Uingereza. Tarehe 15 Aprili 1989 Liverpool na Nottingham Forest zilikutana hapo katika nusu fainali ya Kombe la FA. Upande mmoja, mashabiki zaidi ya 10,000 wa Liverpool wenye tiketi za kusimama walipaswa kupita katika milango saba tu ya kuhesabia watu. Msongamano wa nje ulipozidi, kamanda wa polisi, David Duckenfield, aliamuru geti kubwa lifunguliwe, lakini hakuna aliyeagizwa kuziba njia ya chini ya jukwaa iliyokwenda moja kwa moja kwenye vizimba vya katikati, yaani sehemu za kusimama zilizozungushiwa uzio, ambavyo tayari vilikuwa vimefurika. Mchezo ulisimamishwa dakika ya sita. Idadi ya waliopoteza maisha leo ni 97, wa mwisho akiwa amefariki mwaka 2021 kutokana na majeraha ya siku ile. Wala halikuwa jambo lisilotazamiwa: mwaka 1981 watu 38 walijeruhiwa katika jukwaa hilohilo, na cheti cha usalama cha uwanja kilikuwa cha mwaka 1979.

Kosa la geti ni kosa, na binadamu aliyezidiwa anaweza kulitenda. Kilichofuata ndicho kinachonikera hadi leo. Watu wakiwa bado wanakata roho, kamanda huyo aliwaambia viongozi wa soka kwamba mashabiki wamelivunja geti wenyewe, na uongo huo alikuja kuukiri mbele ya mahakama ya uchunguzi wa vifo mwaka 2015, miaka 26 baadaye. Marehemu walipimwa pombe katika damu, watoto wakiwamo, kana kwamba wao ndio washitakiwa. Jaji Taylor, aliyepewa na serikali kazi ya kuchunguza maafa hayo, alisema mapema, Agosti 1989, kwamba sababu kuu ilikuwa polisi kushindwa kuudhibiti umati, lakini uchunguzi wa vifo wa mwaka 1991 uliamua kuwa ni ajali. Mwaka 2012 jopo huru lililoongozwa na Askofu James Jones lilifichua kwamba maelezo ya maandishi 164 ya askari yalibadilishwa, na katika 116 kati ya hayo yaliondolewa au kurekebishwa maneno yaliyowaelemea polisi. Askari kijana aliandika alichokiona, na mkubwa wake akaamua alichopaswa kuwa amekiona.

Uamuzi wa ajali ulifutwa, na mwaka 2016 wazee wa baraza walisema watu wale waliuawa kinyume cha sheria na mashabiki hawakuwa na hatia. Mtu angedhani sasa sheria ingeuma. Duckenfield aliachiwa huru mwaka 2019. Katibu wa klabu mwenyeji alitozwa faini ya pauni 6,500. Mwaka 2021 kesi ya waliotuhumiwa kuyabadili maelezo iliporomoka kwa hoja kwamba yalipelekwa kwenye uchunguzi wa Jaji Taylor, ambao haukuwa mahakama, na hivyo kuyabadili hakukuwa kupotosha haki kwa mujibu wa sheria. Nimeisoma hoja hiyo mara kadhaa na bado hainishuki kooni.

Nasi tuna yetu. Machi 2021 wananchi walifurika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, kuuaga mwili wa Rais Magufuli. Ilichukua siku kadhaa kabla ya polisi kutangaza kwamba waliofariki katika msongamano huo walikuwa 45. Siku hizo zote familia zilizika, na taifa halikuwa na hesabu.

Katika kazi yangu, mkulima akileta korosho ghalani zinapimwa, kilo zinaandikwa, na yeye anaondoka na nakala ya stakabadhi. Karani akizichezea kilo kitabuni, mkulima anarudi na karatasi yake, na karani anaumbuka mbele ya mizani. Sioni kwa nini shahidi wa vifo apewe heshima ndogo kuliko gunia la korosho. Yeyote anayeandika maelezo baada ya maafa, awe askari, mkata tiketi au shabiki, aondoke na nakala iliyosainiwa siku hiyohiyo, na nakala nyingine iende kwa mtu asiye chini ya kamanda aliyesimamia mchezo. Kubadili maelezo hayo kuwe kosa la jinai, yawe yamepelekwa mahakamani au kwenye tume.

Kijana wa jirani yangu alivunjika mkono kwenye geti la uwanja mmoja wa mikoa hii ya kusini, siku moja ya timu kubwa za Dar es Salaam ilipokuja kucheza. Geti lilikuwa moja. Taarifa iliyotolewa ilisema mashabiki walifanya vurugu, na yeye, ambaye alikuwa ameandikisha maelezo marefu, hakuitwa tena. Juzi alikuja kuniuliza kama ninaweza kumsaidia kuyapata. Nilimuuliza kama alipewa nakala. Alinitazama tu.