Umekatwa PAYE (kodi ya mshahara) kupita kiasi? Anza kwa mhasibu

Dada wa Uyole, pole sana. Unasema mshahara ni 800,000 kwa mwezi, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) wanakata 80,000 na PAYE 78,000. Hapo umekatwa zaidi. Kodi hupigwa baada ya kutoa NSSF, yaani kwenye 720,000: 20,000 jumlisha asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, basi ni 60,000. Mwajiri wako amepigia 800,000 nzima, ndiyo maana 18,000 imezidi kila mwezi. Kwa mwaka 216,000 zinapotea, hela ya ada ya mtoto hiyo!

Kabla ya kwenda TRA (Mamlaka ya Mapato), kaa na mhasibu wa kazini kwako, hati za mshahara zikiwa mezani. Mwajiri ndiye anayewasilisha kodi, ndiye wa kurekebisha ritani (taarifa ya kodi). Akikupiga danadana, peleka TRA Mbeya barua ya kuomba marejesho, pamoja na hati zote na TIN (namba yako ya mlipakodi). Nakala yako igongwe muhuri.