Jibu: Mtangazaji wa redio ananisema mimi?
Pole sana, dada. Unasema mtangazaji wa asubuhi anakurushia mafumbo na majirani wamepangwa wakufuatilie. Sisi wa pwani vijembe tunavijua, mtu anakusema kwa kanga tu na ujumbe unafika, lakini huyo anakujua. Mtangazaji hakujui.

Kaka yangu alifunika tivii kwa shuka, eti msoma habari anataja rangi ya shati lake. Kubishana naye tulichoka bure. Kumbe alikuwa na wiki nzima hajalala, na mirungi juu! Alipopata dawa kwa daktari wa akili, usingizi ukarudi, na habari zikawa habari tu.

Wewe unalala saa ngapi siku hizi? Kama uko Dar, Muhimbili wana kitengo cha afya ya akili. Nenda na mtu unayemwamini, wiki hii hii.