Kabla hujamnyang'anya binti yako simu, muulize anaingia mtandaoni saa ngapi

Dada yangu mleta mada, unauliza kama umnyang'anye simu binti yako wa miaka 15 ambaye siku hizi hataki kula mezani na wenzake, anafoka akiulizwa jambo dogo, na darasani ameshuka kutoka nafasi ya nne hadi ya thelathini na mbili. Nimesoma majibu ya waliotangulia na karibu wote wanakuambia uichukue leo hii. Mimi niliichukua, na naomba nikueleze kilichofuata.

Kijana wangu wa kwanza alikuwa kidato cha pili mwaka 2022, mwaka tuliohama Morogoro kuja Dar es Salaam. Shule yake mpya ilikuwa ya kutwa na ya mbali, hivyo ilimlazimu aamke saa kumi na moja alfajiri ili awahi daladala. Mwalimu wake wa darasa aliponiita kunieleza kwamba analala karibu vipindi vyote vya asubuhi, nilidhani ni malaria. Tukampima mara mbili, hana kitu. Usiku mmoja niliamka saa tisa kwenda msalani, nikaona mwanga unachuja kwenye chandarua chake. Alikuwa amejifunika shuka gubigubi katika joto la Februari, jasho linamtiririka, na simu ilikuwa kwenye chaji, ya moto kiasi kwamba nilipoishika nilikaribia kuiangusha.

Niliichukua usiku uleule. Wiki ya kwanza alisusa chakula, ya pili akawa mpole kupita kiasi, nami nikajisifu kwa mke wangu kwamba malezi ni msimamo. Kumbe alikuwa amenunua kwa mwenzake simu chakavu yenye kioo kilichopasuka kwa fedha ya nauli, akawa anarudi nyumbani kwa miguu, na simu hiyo anaificha ndani ya pasi ya mkaa ambayo hatujaigusa tangu tulipowekewa umeme.

Aliyefanikiwa kumfungua mdomo ni mjomba wake. Shuleni hakuwa na rafiki, lafudhi yake ilikuwa inachekwa, na wenzake wa Morogoro walikuwa wanakutana mtandaoni kuanzia saa sita usiku kucheza na kupiga soga. Kwa nini saa sita? Kwa sababu ndipo kifurushi cha usiku kinapoanza, ambacho kwa fedha kidogo humpa mtoto MB nyingi kuliko anavyoweza kuzinunua mchana. Korea Kusini mwaka 2011 ilitunga sheria ya kuwazuia watoto wa chini ya miaka 16 wasicheze michezo ya mtandaoni kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na iliamua kuifuta miaka kumi baadaye, wakati vijana wengi walishahamia kwenye michezo ya simu ambayo sheria hiyo haikuigusa. Kwetu saa hizohizo ndizo zinazouzwa kwa bei ya kutupa, na sisi wazazi ndio tunaotoa hiyo fedha tukidhani ni ya vitafunwa.

Kijana wa umri huo anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na mwili wake wenyewe, kwa sababu ya balehe, huchelewa kuhisi usingizi kuliko mtoto mdogo. Wangu alikuwa anapata saa mbili. Nilipoanza kufanya hesabu hiyo, sehemu kubwa ya niliyokuwa naita jeuri, yaani hasira, usahaulifu na kususa chakula, niliiona kwa sura nyingine. Upweke ulikuwepo kabla ya simu. Kukesha ndiko kulikouzidisha.

Kuna mchangiaji amemwita binti yako "teja wa simu". Tafadhali usilibebe neno hilo nyumbani. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 inatambua uraibu wa michezo ya kidijitali, lakini hata huo haupimwi kwa wingi wa saa peke yake: huangaliwa kama mtu ameshindwa kujizuia, kama michezo imeyapiku mambo mengine ya maisha, na kama anaendelea ingawa anaona inamdhuru, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12.

Tulichofanya sisi ni hiki. Simu zote, pamoja na yangu niliyozoea kuangalizia mabao mpaka saa saba, hulala sebuleni kuanzia saa tatu na nusu. Kifurushi ninamnunulia mimi, cha mchana, na kinanigharimu zaidi. Jumamosi anaongea na wenzake wa Morogoro kadiri atakavyo. Siku kumi za mwanzo zilikuwa ngumu. Baada ya miezi miwili mwalimu alisema sasa halali tena darasani, ingawa hesabu bado zinamshinda, na likizo ya Desemba alirudia kukesha tukaanza upya.

Jambo moja usilisubirishe. Binti yako akianza kusema hana faida ya kuishi, au ukiona alama za kujikata mikononi, usihangaike na simu kwanza. Mpeleke hospitali ukaombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. Sisi tulikwenda, na mhudumu alimuuliza mwanangu swali hilo waziwazi mbele yangu. Alinyamaza muda mrefu kabla ya kujibu hapana, na ukimya ule ndio uliofanya niuandike ujumbe huu kwa urefu hivi.